Mlango wa Dhahabu Haufunguliwi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani mliyofundishwa, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Na kama katikati ya maneno yangu mtu atasema, "Mbona hii naijua," basi aseme kimoyomoyo, maana kwetu kujua mambo ni kazi yenye wenyewe, na wanalipwa mshahara. Mimi ni bibi tu. Nilisoma mpaka nikaweza kusoma gazeti na kuandika barua, nikaridhika. Nitasema niliyoyaona, na wema wa watu nao nitautaja, kwa sababu ulikuwepo hata siku zile.

Kwetu vyuo hupangwa kwa urefu wa malango. Sijui wenzetu wa nchi nyingine hupangaje. Labda wanatazama walimu, au vitabu, au wanamuuliza mwanafunzi kama analala vizuri. Hizo ni njia ndefu, na serikali yetu ina mambo mengi. Kila mwaka Wizara ya Elimu ya Juu Kabisa hutuma maofisa wenye ngazi na kamba, wanapima malango yote, kisha majibu yanasomwa redioni na sisi tunasikiliza tukiwa tumesimama. Chuo cha Kilele kimekuwa cha kwanza tangu nikiwa msichana. Lango lake ni refu mno. Matofali yote yaliishia hapo langoni, ndiyo maana madarasa yake hayana ukuta wa nyuma, lakini nani anaingia chuo kwa nyuma?

Tena kuna habari ya mlango. Kijana akichaguliwa kwenda Kilele, serikali huja na bendi na mafundi, nyumba ya wazee wake ikavikwa mlango wa dhahabu. Kwa macho ni mbao zilizopakwa rangi, ila sheria inasema ni dhahabu, na sisi ni watu wa kutii sheria. Sharti lake kubwa ni kwamba haufunguliwi. Mlango ukifunguliwa hugeukia ndani, mpita njia haioni dhahabu, na heshima ya taifa inapungua. Basi wenye milango hiyo huingia majumbani mwao kwa uani. Wasio na uani huingia dirishani. Niliwahi kumsukuma ndugu yangu mmoja wa kata nyingine, mtu mzima na kanzu yake, mpaka akapita, akaniambia kutoka ndani, "Ahsante, Bi Somoe. Heshima ni kitu kizuri sana."

*

Nyumba yetu iko kwenye mzunguko wa barabara, pale ulipowekwa Mzinga wa Heshima. Mzinga hupigwa kila mkubwa anapopita. Zamani wakubwa walikuwa wachache, tukipata hata nafasi ya kulala mchana. Mwanangu Mshamu alizaliwa mwaka ule manaibu walipoongezwa, na manaibu wa manaibu, na mzinga ukawa haupoi.

Alipoanza kutambaa niliona kwamba mzinga ukilia mimi nashtuka, yeye anaendelea kucheza na kifuniko cha sufuria. Nikampeleka hospitali. Daktari wa serikali akamtazama masikio, akaniambia kwa upole, "Mama, mtoto hana ugonjwa. Amesikia heshima ya kumtosha maisha yake yote." Akaniandikia cheti cha kusema kwamba anasikia vizuri, kwa sababu hakuruhusiwa kuandika kingine. Lakini alininyanyulia kiti akaniletea maji ya kunywa, na wema huo sijausahau.

Mshamu akakua kiziwi, akawa fundi viatu. Aliweka kigoda chake mlangoni, kwenye mwanga. Mtu asiyesikia anaishi kwa mwanga: akiona ndiyo anajua, na akionekana ndiyo anasema. Mlango wetu ulikuwa wazi kutwa nzima.

Binti yangu alipofariki aliniachia Zawena, angali mchanga. Mtoto huyu alijifunza kusema na mjomba wake kwa mikono kabla hajajua kusema nami kwa mdomo. Mimi nilijua maneno ya nyumbani tu: chakula, maji, njoo, pole. "Mlango" ni viganja viwili vilivyosimama vikigusana, ukitaka kusema uko wazi unakifunua kimoja. "Hakuna" ni kupuliza kiganja kama mtu anayepuliza unga. Wao wawili waliendelea mbele, wakatengeneza maneno yao chungu nzima, wakawa wanasengenya wateja na viatu vyao. Walinisengenya hata mimi, mbele yangu, na mimi nikichambua mchele.

"Mnasema nini?" nawauliza.

"Mjomba anasema ukiwa na hasira unachambua mpaka mchele mzuri."

*

Zawena alipokaribia kumaliza shule alitujia mgeni kwa baiskeli. Alikuwa Mwalimu Nandonde, mkuu wa Chuo cha Lugha ya Alama kilichoko kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa amesimuliwa kwamba kuna msichana anayezungumza na mjomba wake barabarani mpaka watu wanasimama kuwatazama. Hakutusifia chuo chake hata kidogo.

"Bibi, njooni mshinde nasi siku moja," alisema. "Mjukuu wako atajua mwenyewe kama pale ni mahali pake. Mimi siwezi kumjulia."

Tukaenda sote watatu. Lango la chuo kile lilikuwa miti miwili na kamba katikati, ya kuzuia mbuzi. Ofisa wa Wizara aliyekwenda kulipima aliripoti kwamba hakuliona, ila alijikwaa.

Ndani tuliwakuta wanafunzi wanakula ugali na maharage huku mikono inaruka juu ya sahani. Zawena akacheka. "Bibi, ona! Hapa mtu anaruhusiwa kuongea mdomo ukiwa umejaa."

Kijana mmoja akamsogelea Mshamu akamuuliza kitu. Mshamu akajibu. Mwingine akadakia, wa tatu akakataa, na kufumba na kufumbua mwanangu alikuwa amezungukwa. Nikamwona anabishana. Nikamwona anamkatiza mtu maneno, kitu ambacho hakuwahi kupata nafasi ya kukifanya. Maisha yake yote, chakula kikiletwa, Mshamu alikuwa wa kwanza kumaliza, maana wenzake wanapopiga soga yeye ana sahani tu. Siku ile ugali wake ulipoa mpaka ukakauka juu, na yeye alikuwa bado anazungumza. Ilinibidi nigeuke nitazame chumvi.

Njiani kurudi Zawena akaniambia, "Bibi, ni pale."

"Mke mwenzangu, na lango lake umeliona?"

"Nimeliona. Nimelivuka kwa hatua moja na sikuumia shingo."

"Basi ni pale," nikasema.

Alikuwa na furaha hata akawa anatembea mbele yetu kinyumenyume, ili aweze kuongea na mjomba wake bila kupoteza neno.

*

Kwa bahati mbaya Zawena alifaulu sana.

Sheria yetu inampa kila kijana uhuru wa kuchagua chuo. Aliyefaulu sana ana uhuru mkubwa zaidi, na kwa kuwa ni mzito, serikali humsaidia kuubeba. Jina lake lilisomwa redioni: Zawena, mjukuu wa Bi Somoe, Kilele. Kabla sijaizima redio, ngoma ilikuwa imeshafika uani. Kata yetu haikuwahi kutoa mtu wa Kilele hata mara moja, na kata yenye mlango wa dhahabu hupewa taa ya barabarani.

Mwenyekiti Chitanda aliingia akitiririka jasho la kucheza.

"Shikamoo babu," Zawena akamwambia. "Lakini mimi nimechagua Chuo cha Lugha ya Alama."

"Marahaba. Chuo cha nini?"

"Cha lugha ya viziwi. Kule kwenye chumvi."

"Mjukuu wangu! Watu wasiosema watakusemea nini siku ukihitaji kusemewa?"

"Watanisemea kwa mikono."

"Sikiliza. Watu wameshacheza. Umemwona Mama Chausiku? Amecheza na goti lile bovu. Unataka nitoke nikawaambie wairudishe ngoma?"

"Mwenyekiti," nikasema, "mtoto ana mahali pake."

"Bi Somoe, nani amekataa? Mahali pake ni Kilele. Ameshawekewa."

Zawena akachungulia uani. Mama Chausiku, muuza maandazi, alikuwa anazunguka kwa mguu mmoja huku anapiga vigelegele. Na katikati ya watu alikuwepo Mshamu. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Aliwaona majirani wanafurahi kwenye nyumba yake, akafurahi nao. Alikuwa akicheza nje ya mdundo, kama siku zote, mikono juu, uso umeng'aa.

Zawena akarudi akakaa. Akakiinamisha kichwa. Baadaye sana aliniambia, "Mwenyekiti nilikuwa namweza, Bibi. Nilichoshindwa ni kumwambia mjomba asimamishe miguu."

*

Mlango uliletwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kidevu. Mzinga ukapigwa, vumbi la dari likatuangukia kwenye chai, na yeye akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wapo watu, sitawataja, wanaouliza: je, chuo hiki kinamfaa mtoto huyu? Hilo ni swali la kigeni! Swali letu sisi, tuliloachiwa na waasisi, ni hili: je, mtoto huyu anakifaa chuo? Kiatu hakiuulizi mguu! Mguu ndio unaojikunja, ndugu zangu! Mguu ujikunje, taifa lisonge mbele!"

Makofi yalikuwa mengi. Mshamu akamuuliza Zawena kwa mikono mtu huyu anasema nini, Zawena akamfasiria. Mshamu aliitazama miguu ya Mheshimiwa kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama, kisha akajibu, na Zawena akacheka mpaka akajificha kwenye kanga yangu.

"Anasema nini?"

"Anasema ndiyo maana mzee anachechemea."

Huo ulikuwa mcheko wake wa mwisho katika nyumba ile kwa kitambo. Mafundi wakaubandika mlango, wakaufunga, na sebule yangu ikawa giza mchana kweupe. Mshamu akahamishia kigoda uani, karibu na jiko la mkaa, wateja wasikomwona. Tulipotaka kusema naye ndani ya nyumba tuliwasha kibatari, na maneno ya kibatari ni mafupi: kula, lala, pole. Wapita njia walisimama nje kuusifia mlango. Walikuwa watu wema, kila mmoja alisema, "Hongereni wenye nyumba," na sisi tukajibu kutoka gizani, "Ahsanteni."

*

Kilele hawamuulizi mtu anataka kusoma nini. Humpa somo lenye nafasi. Zawena alipofika aliwaambia kwamba yeye anafanya kazi kwa mikono, wakafurahi sana, wakampeleka Idara ya Makofi.

Msicheke. Ni idara kubwa. Kuna makofi ya Naibu, ya rasharasha. Kuna makofi ya Waziri, yanayoanza taratibu kisha yanashika moto kama yasiyopangwa, na hayo huchukua muhula mzima kujifunza. Juu kabisa kuna makofi ya Mkuu wa Nchi, ambayo hayana mwisho; unapiga mpaka kipaza sauti kiseme basi, na kipaza sauti hakina haraka.

Aliporudi likizo ya kwanza aliingia kwa uani. Nilimkumbatia, nikaona amekuwa mwepesi. Mshamu akamrukia kwa maneno, mikono inakwenda kama mvua, miezi mizima ya habari. Zawena akamjibu. Mshamu akakunja uso, akamwomba arudie. Akarudia. Viganja vyake vilikuwa vimevimba na kuwa vigumu kama kwato, vidole havikukunjika vizuri. Alikuwa kama mtu mwenye kigugumizi. Alianza neno, likakwama, akaanza tena, kisha akaiweka mikono mapajani.

Mshamu akaichukua mikono ile. Akaigeuza, akaipapasa kwa dole gumba kama anavyopapasa ngozi kabla ya kuikata. Akatoka uani.

"Una rafiki huko?" nikamuuliza mjukuu wangu tulipobaki wawili.

"Ninaye mmoja, Bibi. Anasimama kulia kwangu."

"Na kushoto?"

"Kushoto kuna nguzo."

"Mwalimu je?"

"Tuko wengi, hatumwoni. Kipaza sauti kinasema 'Pigeni', tunapiga."

"Rudi nyumbani, mama. Leo. Kaa hapa."

"Na mlango? Na taa? Mama Chausiku anauza maandazi chini ya ile taa sasa. Anasomesha wanawe." Akanitazama. "Nitazoea, Bibi."

Watoto wa Kilele wote husema hivyo. Nadhani hilo wanafundishwa siku ya kwanza, kabla ya makofi.

*

Mshamu alikuwa na kipande cha ngozi laini alichokuwa anakitunza kwa kazi ya maana. Alikikata akamshonea Zawena glavu. Ndani akazitandikia kitambaa cha kanga yangu iliyochakaa, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi haichubui. Zilipokwisha alinionyesha, akaashiria kwamba anazipeleka mwenyewe. Nikamwashiria asubiri likizo. Akacheka, akanishika bega, akaondoka. Dereva wa lori la chumvi alimpandisha mbele, akagawana naye mihogo yake ya kuchemsha. Huyo dereva mpaka leo simjui jina, ila namwombea.

Kwenye lango la Kilele kuna utaratibu. Mtu akifika chini yake mlinzi hupaaza sauti, "Heshima!" Mtu anasimama, anainua uso kulitazama lango mpaka juu, na haondoki mpaka aambiwe. Mshamu alipita. Wakapaaza sauti tena. Wakatumia kipaza sauti. Wakapiga filimbi. Yeye alikuwa ameshamwona Zawena uwanjani, katikati ya wenzake, wakifanya mazoezi. Akainua mikono yote miwili, glavu zikiwa katika mkono mmoja, ili amwite.

Walinzi waliandika kwamba aliinua mikono kulitishia lango. Wakamwangusha.

Zawena aliyaona yote. Darasa lilikuwa kwenye makofi ya Mkuu wa Nchi, na kuacha makofi yale katikati ni kosa. Akayaacha, akakimbia. Yule msichana wa kulia kwake, rafiki yake yule mmoja, akaanza kupiga kwa nguvu maradufu ili pengo lisisikike. Alipiga mpaka mkono ukachanika. Jina lake ni Esha, na ningependa likumbukwe.

*

Siku ya mahakama Mshamu aliletwa akiwa na pingu. Mkimfunga pingu mtu kama mwanangu mmemfunga mdomo, lakini hilo hakimu hakulijua.

Karani akasoma: "Unashtakiwa kwa kulipuuza Lango la Taifa, na kulitishia kwa mikono mitupu ikiwa na glavu. Ni kweli au si kweli?"

Mshamu akamtazama.

"Msomee kwa sauti," akasema hakimu.

Akasomewa kwa sauti. Akasomewa kwa sauti kubwa zaidi. Kikaletwa kipaza sauti, wakasomewa mashtaka hata watu wa sokoni, mmoja wao akakiri kosa kwa woga.

"Mshtakiwa ana dharau," akasema hakimu. "Hapa kuna cheti cha daktari wa serikali kwamba anasikia vizuri."

Zawena akasimama. "Mheshimiwa hakimu, mjomba wangu ni kiziwi tangu utotoni. Naomba nimfasirie."

"Una cheti cha ukalimani?"

"Sina, mheshimiwa. Nimeongea naye maisha yangu yote."

"Hayo ni mazoea. Unasoma wapi?"

"Kilele."

Mahakama nzima ikasimama ikapiga makofi. Hakimu mwenyewe aliinuka nusu. Zawena alisubiri wamalize, mikono yake imening'inia.

"Hongera sana binti, hongera sana. Je, Kilele wanatoa cheti cha lugha hiyo?"

"Hapana."

"Basi sheria hainiruhusu kukusikia. Karani, cheti hicho kinatolewa wapi?"

"Chuo cha Lugha ya Alama, mheshimiwa, kule kwenye chumvi. Ila kimefungwa. Chuo kikipungukiwa idadi hufungwa, na mwaka huu kilipungukiwa mwanafunzi mmoja. Sasa hivi ni ghala la ngazi za kupimia malango."

Nilimwona Zawena anashika benchi. Hakuna mtu aliyemwambia huyo mmoja ni nani. Karani alishafunua ukurasa mwingine.

"Angalau wamfungue pingu," Zawena akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hawezi kusema akiwa hivyo."

Hakimu alikuwa bado anatafuta kifungu cha kumruhusu. Askari mmoja mzee, bila kuamriwa, akatoa ufunguo akazifungua. Mshamu akasugua vifundo vya mikono, akamgeukia mpwa wake, akasema maneno machache.

"Anasema nini?" akauliza hakimu, kisha akakumbuka. "Usinijibu. Huna cheti."

Zawena akaninong'oneza sikioni. "Anauliza kama glavu zinanitosha."

Glavu zilikuwa juu ya meza ya hakimu, zimefungwa karatasi yenye neno "Kielelezo". Zawena hakuwahi kuzigusa. Akainua mikono yake ile mizito, akasema polepole, kila kidole kikimuuma, mpaka hata mimi nikaelewa: Zinanitosha, mjomba. Zinanitosha sana.

Hakimu akaamuru mshtakiwa akae rumande mpaka apatikane mkalimani mwenye cheti. Alituhakikishia kwamba mahakama itasubiri.

*

Zawena akaenda Kilele akarudisha nafasi yao na skafu yao ya rangi ya dhahabu, akarudi nyumbani. Wiki haikuisha, bendi ikaja kuuchukua mlango. Walipiga wimbo uleule wa siku ya kwanza, ila polepole. Mwenyekiti Chitanda hakuja. Alimtuma mtu aje kuing'oa taa.

Aliyepokonywa mlango wa dhahabu haruhusiwi kuweka mwingine. Nyumba inabaki na tundu ili watu wajifunze. Fundi kijana aliyeng'oa bawaba alifagia vumbi lake la mbao, akapigilia msumari juu ya tundu bila kumtazama mkubwa wake, akanong'ona, "Bibi, hapo unaweza kutundika kanga, upepo ukizidi."

Jioni ile Mama Chausiku alikuja akichechemea na sahani ya maandazi. Zawena alipomwona akaanza kulia. "Mama, nisamehe. Taa yako."

"Nitauza mchana," akasema Mama Chausiku, akajitupa kwenye mkeka. "Tena siku ile ya ngoma goti lilikuwa linaniuma kweli. Ungesema mapema, mwanangu, ningekaa chini."

Baada yake akaja Mwalimu Nandonde na baiskeli yake. Wizara ilikuwa imechukua madawati, mbao, na kengele ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia. Kamba ya kuzuia mbuzi waliiacha, hawakujua kwamba ni lango. Akaifunga kwenye tundu letu, upande kwa upande, urefu wa goti.

Basi siku hizi sebule yangu ina mwanga mpaka kwenye pembe zake, na watu wanavuka kamba wanaingia kujifunza kusema kwa mikono. Esha huja, mkono wake umepona. Mama Chausiku huja. Hatutoi cheti, kwa hiyo kwa sheria hakuna anayejifunza kitu, wala hakuna tunachoweza kumsaidia Mshamu mbele ya hakimu. Mikono ya Zawena inalainika taratibu, kuna maneno hajayapata tena. Mimi ndiye mwanafunzi mzito kuliko wote. Vidole vyangu vimezeeka, lakini mjukuu wangu ananivumilia kama nilivyomvumilia mimi alipokuwa anajifunza kufunga gidamu za viatu.

*

Siku ya kuwaona mahabusu tunasimama upande huu wa nyaya na wao upande ule, na katikati kuna uwanja mpana. Wengine hupiga kelele mpaka sauti zinakauka na hawasikilizani. Sisi hatuna shida hiyo.

Mara ya mwisho Zawena aliniambia, "Bibi, leo anza wewe."

Mshamu alikuwa amekonda, shati limemzidi mabega. Akanisalimu. Kisha akaweka viganja viwili mbele ya kifua, vimesimama, vinagusana, akaniinulia nyusi. Alikuwa anauuliza ule mlango. Bado umefungwa? Bado mnakaa gizani?

Nikaviweka viganja vyangu vivyo hivyo. Nikakifunua kimoja. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akadhani nimemaliza. Nikamwashiria angoje. Nikakileta kiganja mdomoni nikakipuliza kama mtu anayepuliza unga.

Hakuna. Hakuna mlango.

Alinikodolea macho. Kisha akacheka. Mwanangu hajawahi kujisikia anavyocheka, kwa hiyo hajui kujizuia. Kicheko chake ni kikubwa, kinapanda na kushuka kinavyotaka, na uwanja mzima uligeuka. Askari akapiga kelele, "Kimya! Kimya, wewe!" Hakusikia, akaendelea.

Alama ya kunyamaza ninaijua. Zawena alinifundisha wiki ile ile. Sikuitumia.